Kanga Ina Jina, Mtunzi Hana: Kazi ya Gilda Olvidado wa Ufilipino na Nafasi ya Mwanamke katika Fasihi Pendwa ya Kiswahili



1. Utangulizi

Isevya ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe iliyokuwa njia panda ya misafara katika karne ya 19. Njia moja ilitoka Bagamoyo. Nyingine iliendelea magharibi hadi Ujiji. Nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa: merikani, kaniki na nguo za rangi. Nguo ilikuwa bidhaa, na papo hapo ilikuwa fedha. Ndiyo iliyolipa hongo njiani, na ndiyo iliyonunua chakula kambini. Pamoja na nguo ilisafiri lugha. Kiswahili hakikufika Tabora kwa kitabu. Kilifika kwa miguu, kikakaa ubavuni mwa Kinyamwezi, na wenyeji wakakifanya chao.

Karatasi ilifuata baadaye. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo magazeti ya Dar es Salaam yaliweza kupakiwa katika mabehewa. Tabora yenyewe ikawa mahali pa uchapaji: gazeti la Kiongozi la Kanisa Katoliki lilianza kuchapishwa huko mwaka 1950, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Hivyo mkazi wa Isevya aliyejua kusoma alifikiwa na maandishi ya Kiswahili kwa vyombo viwili: nguo na karatasi.

Swali la mhadhara huu linatokana na vyombo hivyo viwili. Sauti ya mwanamke katika fasihi pendwa ya Kiswahili imesafiri kwa chombo kipi? Ili kulijibu, mhadhara unapitia kwanza nchi ya mbali, Ufilipino, na kuitazama kazi ya mtunzi mmoja, Gilda Olvidado, mwandishi wa hadithi za picha na riwaya za mfululizo. Kisha unarudi nyumbani. Dai la msingi ni hili: kilichowanyima wanawake wa Afrika Mashariki nafasi kama ya Olvidado hakikuwa ukosefu wa kipaji wala wa hadhira. Kilikuwa ni namna uchapishaji wetu ulivyojengwa. Na kwa kuwa mlango wa karatasi ulikuwa mwembamba, sehemu kubwa ya utunzi wa kike ilibaki katika nguo, mahali ambapo maneno hubebwa bila jina la mwenye kuyatunga.

2. Hadithi za picha nchini Ufilipino

Wafilipino huziita hadithi za picha kwa neno moja, komiks. Mwanzo wake ni jarida la Liwayway, lililoanza mwaka 1922. Januari 1929 jarida hilo lilianza kuchapisha vituko vya kijana mtanashati aitwaye Kenkoy, vilivyochorwa na Tony Velasquez na kuandikwa na Romualdo Ramos. Baada ya Vita Kuu ya Pili majarida yaliyojaa hadithi za picha tupu yalitokea: Halakhak mwaka 1946, ambalo halikudumu, na Pilipino Komiks mwaka 1947, lililofungua njia kwa mengine mengi. Mwaka 1950 mtunzi Mars Ravelo alimtoa Darna, msichana wa kijijini anayegeuka shujaa mwenye nguvu za ajabu, na mwaka uliofuata Darna alikuwa tayari katika filamu. Toka mwanzo, basi, ukurasa wa picha na ukumbi wa sinema vilikuwa jirani.

Mambo matatu katika mfumo huo yanahusu mada yetu. La kwanza ni usambazaji. Majarida haya yaliuzwa kwa bei ndogo, na asiyeweza kununua aliyakodi katika kibanda cha mtaani, akasoma papo hapo na kurudisha. Nakala moja ilipita mikononi mwa watu wengi. La pili ni lugha. Ufilipino ina lugha nyingi, na hadithi za picha zilisaidia sana kukifikisha Kitagalogi kwa wasomaji wasiokizungumza nyumbani. Ambaye hangefungua kitabu cha sarufi alijifunza lugha kwa kutaka kujua kama binti wa hadithi atampata mama yake wiki ijayo. La tatu, lenye uzito kuliko yote, ni mgawanyo wa kazi. Mchapishaji aliajiri wahariri, akanunua miswada, akawapa wachoraji, akachapa na kusambaza. Mwandishi alitakiwa kuleta kitu kimoja tu: hadithi.

Ndiyo maana wanawake waliweza kuingia. Aliyekuwa na kalamu na hadithi hakuhitaji mtambo, shehena ya karatasi wala gari la kusambaza. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 majina ya wanawake yalikuwa miongoni mwa majina makubwa ya tasnia hiyo: Elena Patron, Nerissa Cabral, na Gilda Olvidado.

3. Kazi ya Gilda Olvidado

Mwandishi wa hadithi ya picha haandiki kama mwandishi wa riwaya ya kawaida. Huandika maagizo: katika kisanduku cha kwanza mchoraji aonyeshe nini, nani amesimama wapi, uso wake ukoje, na katika kiputo cha maneno aseme nini. Maelezo marefu hayana nafasi. Hisia haziwezi kuelezwa kwa aya mbili; sharti zionekane usoni au zitoke kinywani. Na kwa kuwa sehemu ya kila toleo ni kurasa chache tu, mwandishi analazimika kumwacha msomaji na kiu kila mara. Sehemu ikiisha na jibu, msomaji hana sababu ya kurudi. Ikiisha bila hatua yoyote kupigwa, anachoka. Ustadi wa mtunzi wa mfululizo ni kujibu swali moja na kuzaa jingine katika pumzi ileile.

Katika fani hiyo Olvidado alijulikana kwa visa vya familia: mtoto wa nje ya ndoa, ndugu wawili wanaompenda mtu mmoja, yatima anayelelewa katika nyumba ya matajiri, mwanamke aliyedhulumiwa anayerudi kudai haki yake. Visa hivyo vilichukuliwa na kampuni za filamu wakati sinema ya Manila ilipokuwa ikitegemea mno hadithi zilizokwisha pendwa katika majarida. Sinasamba Kita, maana yake "Nakuabudu", ikawa filamu ya Eddie Garcia mwaka 1982. Dapat Ka Bang Mahalin?, "Je, unastahili kupendwa?", ilifuata mwaka 1984. Pinulot Ka Lang sa Lupa, "Uliokotwa tu ardhini", iliongozwa na Ishmael Bernal mwaka 1987. Babangon Ako't Dudurugin Kita, "Nitainuka na kukuponda", iliongozwa na Lino Brocka mwaka 1989.

Majina ya waongozaji hao wawili wa mwisho yanastahili kuangaliwa. Bernal ndiye aliyeongoza Himala mwaka 1982, na Brocka ndiye aliyeongoza Maynila sa mga Kuko ng Liwanag mwaka 1975. Filamu hizo huhesabiwa na wahakiki kuwa miongoni mwa kazi kuu za sinema ya Ufilipino. Watu waliokuwa kileleni mwa sanaa nzito ya nchi yao hawakuona haya kuchukua kisa kutoka jarida la kukodi. Ukuta kati ya sanaa dhati na sanaa pendwa ulikuwepo, lakini ulikuwa na mlango.

Majarida ya picha yalidhoofika katika miaka ya 1990, wasomaji walipohamia vitabu vidogo vya mapenzi na televisheni. Visa vya Olvidado havikufa pamoja nayo. Mwaka 2007 kituo cha televisheni cha GMA kilianzisha kipindi cha kugeuza filamu za zamani kuwa tamthilia za mfululizo, na tamthilia ya kwanza kabisa ilikuwa Sinasamba Kita. Babangon Ako't Dudurugin Kita ilifuata mwaka 2008, Dapat Ka Bang Mahalin? mwaka 2009, na Pinulot Ka Lang sa Lupa ikatengenezwa upya mwaka 2017. Kisa kilichoanza katika visanduku vya karatasi hafifu kimepita katika vyombo vitatu, na katika vyote jina la mtunzi limeandamana nacho.

4. Mimi na wewe: jambo la lugha

Kuna jambo katika majina hayo manne ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Yote ni kauli zinazosemwa na mtu mmoja akimwambia mwingine. Hakuna jina linalotaja mhusika, mahali wala tukio. Kila moja lina "wewe" ndani yake. Mawili kati yake yana neno kita, neno la Kitagalogi linalobeba kwa pamoja mtendaji "mimi" na mtendwa "wewe". Kiswahili hakina neno huru la namna hiyo, lakini kina jambo lililo karibu nalo sana: vipatanishi vya kiima na vya yambwa ndani ya kitenzi kimoja. Nakuabudu. Nitakuponda. Msemaji na msemwa wamefungwa katika neno moja, na hakuna wa tatu anayeruhusiwa kuingia kati yao.

Umbo hilo lina kazi ya kifasihi. Jina la hadithi likiwa kauli ya namna hii, msomaji hujiuliza mara moja: nani anasema, na anaambiwa nani? Msomaji wa kike aliyedharauliwa nyumbani anaweza kuichukua kauli hiyo na kuitia kinywani mwake. Jina la hadithi linageuka kuwa sentensi ambayo yeye mwenyewe alitaka kuisema.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili umbo hili si geni. Ndilo umbo la kanga.

5. Maandishi ya nguo

Kanga ilizaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, na maandishi yaliongezwa baadaye. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa sana katika kuyaeneza. Kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Kanga ilifuata njia zilezile za nguo zilizotajwa mwanzoni na kuingia bara. Mwanamke wa Isevya anayenunua doti leo husoma maandishi kabla ya kulipa, kama anavyofanya mwanamke wa Lamu au wa Ng'ambo, Unguja.

Waswahili huyaita maandishi hayo jina la kanga. Na majina mengi ya kanga ni kauli za mimi na wewe. "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia" ni mfano unaojulikana sana. Vitenzi viwili, na ndani yake "wewe" na "mimi" wanabadilishana nafasi: wewe unanichukia, mimi ninakwambia. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ni agizo kwa mtu asiyetajwa, ambaye jirani wote wanajua ni nani. Kisa kizima cha mke mwenza, wifi au rafiki msaliti kimo katika mstari mmoja, na kinasubiri msomaji akikamilishe. Aliyezoea hadithi za picha atatambua mara moja kwamba hiki ni kiputo cha maneno ambacho mchoro wake ni mwanamke mwenyewe aliyeivaa.

Mhakiki anaweza kupinga akisema kwamba mstari mmoja si fasihi, na kwamba kuulinganisha na riwaya ya mfululizo ni kulinganisha tone na mto. Pingamizi hili lina haki kwa upande wa urefu. Halina haki kwa upande wa fani. Methali ni fupi na hakuna anayeinyima nafasi katika fasihi simulizi. Tena kanga haisomwi peke yake. Hujibiwa na kanga nyingine, wiki hii uani kwa huyu, wiki ijayo arusini kwa yule, na majibizano hayo ni mfululizo wa aina yake.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Mwanamke anayevaa jina la kanga analo kimbilio: akiulizwa, husema kwamba ameipenda rangi, au amepewa zawadi. Kimbilio hilo lina thamani katika mtaa ambamo watu wanaishi karibu karibu. Lakini lina gharama yake. Maneno ambayo anayeyavaa anaweza kuyakana ni maneno ambayo hakuna anayeweza kuyadai kuwa yake. Nguo hubeba nembo ya mwenye mali, haibebi jina la aliyetunga mstari. Kanga ina jina, mtunzi hana. Olvidado aliandika kauli za aina ileile, kwa ajili ya wasomaji wa aina ileile, na jina lake likachapwa chini ya kichwa cha hadithi.

6. Mlango wa karatasi katika Afrika Mashariki

Si kwamba Kiswahili kilikosa majarida. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na kulea kizazi cha washairi na waandishi wa barua. Katika miaka ya 1950 wasomaji wa Kenya walimpata Juha Kalulu wa Edward Gitau. Nchini Tanzania Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa Uhuru. Faraji Katalambulla, aliyeandika riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo mwaka 1965, alianzisha Film Tanzania, jarida la hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera na maneno ya wahusika. Katika miaka ya 1980 likatamba Sani, ambalo jina lake limetokana na silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ambamo mchoraji Philip Ndunguru aliacha alama kubwa kabla ya kufariki mwaka 1986 akiwa bado kijana.

Orodha hiyo ni ya heshima, na yote ni ya wanaume. Orodha ya watunzi wa riwaya pendwa wa wakati huo nayo haitofautiani: Elvis Musiba, Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga, Ben Mtobwa. Maelezo mepesi ni kwamba wanawake hawakuandika. Maelezo hayo hayasimami. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alichapisha Shida, riwaya ya vijana wanaokimbilia mjini na masaibu yanayowapokea. Penina Muhando aliandika mfululizo wa tamthilia tangu Hatia ya mwaka 1972 hadi Lina Ubani ya mwaka 1984. Zainab Burhani alitoa Mwisho wa Kosa mwaka 1987. Wanawake waliandika. Hawakuonekana katika jarida la picha na kijitabu cha bei nafuu, yaani pale ambapo msomaji wa kawaida alikuwepo.

Sababu inaonekana tukiuliza ni nani aliyechapisha vijitabu hivyo. Nchini Tanzania uchapishaji baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ulikuwa zaidi mikononi mwa mashirika ya umma, yaliyoelekeza nguvu kwenye vitabu vya shule na vya maendeleo. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililomchapa Katalambulla lilikwisha pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Karatasi ilikuwa adimu. Mtunzi wa hadithi pendwa hakuwa na mtu wa kumpelekea mswada, kwa hiyo alilazimika kuwa mchapishaji wa nafsi yake. Katalambulla alikuwa Film Tanzania. Musiba alikuwa na Continental. Mukajanga alikuwa na Grand Arts. Mtobwa alikuwa na Heko. Baadaye, mwaka 1998, Eric Shigongo alianzisha Global Publishers, na hadithi zake za mfululizo zikawa nguzo ya magazeti yake.

Hapa ndipo Manila na Dar es Salaam zinapoachana. Kule mwandishi alitakiwa kuleta hadithi. Hapa alitakiwa kuleta hadithi, mtaji, karatasi, kibali, mpiga chapa anayemwamini kwa mkopo, na wepesi wa kuzunguka vituo vya mabasi na vya reli akigawa nakala kwa wauzaji. Ni mzigo ambao wanaume wengi waliushindwa. Kwa mwanamke asiye na dhamana ya ardhi wala nyumba, na ambaye safari za usiku zingemvunjia heshima mtaani, mzigo ulikuwa mzito maradufu. Njia zilizobaki wazi kwake zilikuwa chuo kikuu na vitabu vya shule. Ndiyo maana wanawake wa kizazi hicho wanaojulikana kama waandishi ni wasomi na walimu. Elieshi Lema na Demere Kitunga walipotaka kupanua mlango huo, walifanya walichofanya wanaume wa fasihi pendwa: mwaka 1989 walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, E & D. Mlango haukufunguliwa kwa kubishwa hodi. Ulifunguliwa kwa kujenga nyumba nyingine.

7. Je, mkono wa kike unatosha?

Ingekuwa kosa kumfanya Olvidado malaika wa ukombozi. Wahakiki wa hadithi za picha, huko na kwingineko, wamelalamika kwamba visa vya machozi humfundisha mwanamke kuvumilia. Shujaa wa hadithi hizo hupigwa, hutupwa, husingiziwa, na mara nyingi malipo yake ni ndoa. Hata kisasi chake hukamilika ndani ya familia, bila kuuliza ni nani aliyeijenga familia hiyo ilivyo. Mwandishi wa mfululizo hutumikia soko, na soko hupenda chozi.

Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayofanya ulinganisho uwe na faida. Fasihi pendwa ya Kiswahili nayo imejaa mwanamke anayeteseka au anayetesa: kimada wa mjini, binti aliyepotoka, mke mwenye tamaa. Hata riwaya dhati imemtumia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa muda, inamfuata msichana hadi maangamizi yake kwa huruma kubwa, lakini kwa macho ya msimulizi anayemtazama kutoka nje. Swali si kama mwanamke anateseka katika hadithi. Swali ni nani anashika kipaza sauti wakati wa mateso. Katika majina manne ya Olvidado, "mimi" hasimuliwi, anasema. Anaweza kusema jambo baya, la wivu au la chuki, lakini halisemwi kwa niaba yake. Mkono wa kike hautoshi kuleta mtazamo mpya; unatosha kuleta nafsi ya kwanza. Na hilo si dogo.

Dalili za mabadiliko katika Kiswahili zipo. Anna Samwel Manyanza alipata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2015 kwa Penzi la Damu, na Zainab Alwi Baharoon akaipata mwaka 2018 kwa Mungu Hakopeshwa. Hata hivyo tuzo hutolewa kwa mswada uliokwisha andikwa. Hailipi mtu kuandika sehemu ya 12 wiki hii na ya 13 wiki ijayo, na ni katika kawaida hiyo ya wiki kwa wiki ambamo mtunzi kama Olvidado alipikwa.

8. Mambo matatu ya kufanya

Mhadhara unapendekeza mambo matatu kwa idara zinazofundisha Kiswahili.

La kwanza ni uhifadhi. Majarida ya picha yalichapwa kwa karatasi dhaifu ili yasomwe na kutupwa, na maktaba hazikuyatunza kama zilivyotunza vitabu vya shule. Ufilipino yenyewe imepoteza michoro mingi ya asili kwa sababu wachapishaji hawakuithamini baada ya kuchapa. Nakala za Film Tanzania na za Sani zilizobaki katika masanduku ya watu binafsi, Tabora na kwingineko, zikusanywe kabla mchwa hawajamaliza kuzisoma.

La pili ni mtaala. Mwanafunzi wa fasihi anayehitimu bila kuchambua hata kisanduku kimoja cha hadithi ya picha ameachwa bila zana ya kuelewa kile ambacho watu wake walisoma kwa hiari. Katika chombo hicho hakuna maelezo ya msimulizi ya kujifichia, na uhusiano wa neno, picha na ukimya unaweza kufundishwa vizuri kuliko katika riwaya.

La tatu ni utafiti juu ya watunzi wa kanga. Majina ya kanga yamekusanywa, yameainishwa na kutafsiriwa. Kilichoangaliwa kidogo ni nani hutunga: nani hupeleka mstari kwa mfanyabiashara, hulipwa nini, na ni mistari mingapi iliyotoka katika vinywa vya wanawake ikarudi kwao ikiwa bidhaa. Hilo ni swali la fasihi, na pia ni swali la haki miliki.

9. Hitimisho

Tamthilia za Kifilipino zimeonyeshwa katika televisheni za Afrika Mashariki kwa miaka mingi sasa. Inawezekana kabisa kwamba sebuleni Isevya, jioni ya leo, mama na binti zake wanatazama kisa cha ndugu wawili na mwanamume mmoja, wakikasirika na kufurahi kwa wakati wake, bila kujua kwamba visa vya namna hiyo vilianza katika majarida ya kukodi, na kwamba baadhi ya waliovitunga walikuwa wanawake. Mama amejifunga kanga. Maandishi yake yanamwambia jirani jambo ambalo yeye hatalitamka kwa kinywa. Kiooni mwanamke wa mbali analisema waziwazi.

Umbali kati ya vitu hivyo viwili si umbali wa kipaji. Mstari ule wa kanga una msemaji, msemwa, kosa na ahadi, na hivyo ndivyo hadithi inavyoanza. Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea mstari huo mlangoni na kumuuliza aliyeutunga: kisha ikawaje? Na kabla ya hapo, kumuuliza jina lake.